Matofali ya Kaburi la Kaka

Kaburi la kaka yangu lilianza kumomonyoka upande wa miguuni, na ilikuwa bado mvua ya tatu tu ya msimu. Matofali yalikuwa yanaachia vipande kama mkate uliolowa chai. Niliokota kimoja nikakivunja kwa vidole. Nje chekundu, ndani udongo mtupu. Matofali yale niliyachoma mimi.

Nataka kuandika ilivyokuwa bila kujipendelea, ingawa shule niliishia la saba na sijui kama nitaweza.

Kaka alikuwa mchoma matofali hapa Misunkumilo. Siyo yeye peke yake. Wapo waliomshinda kupanga tanuru likasimama wima, lake mara nyingi liliinama kidogo. Ila kwenye moto sijaona wa kumfikia. Labda nasema hivyo kwa sababu ni kaka yangu, lakini hata mafundi wenzake walikuwa wanamwita aje kuwaangalizia kabla hawajaziba midomo, yaani yale matundu ya chini ya kusukumia magogo. Ukiziba mapema, matofali yanabaki mabichi ndani. Ukichelewa, ya chini yanayeyuka na kugandana.

Yeye alikuwa anavua shati, analigeuzia tanuru mgongo, anasimama hatua mbili kutoka ukutani amefumba macho. Kisha anasogea upande mwingine, anafanya hivyo hivyo mpaka alizunguke lote. Siku moja nilimuuliza kwa nini hapimi kwa mkono kama watu wengine.

"Mkono wangu una sugu, na wako umezoea kuepua masufuria," alisema. "Yote itatudanganya. Mgongo haujazoea kitu."

Rafiki yangu wa nyumba jirani, niliyekua naye, ndiye aliyekuwa anakanda udongo kwa miguu wakati mimi nachota maji. Naye hakumwacha kaka hivi hivi. "Kaka, geuza na upande wa pili," alimwambia, "huo umeshaiva, tukuletee chumvi." Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Rafiki huyo alikuwa anaujua udongo kwa kuutafuna. Anatafuna, anatema, anasema huu una mchanga, ongezeni wa kichuguu. Alinifundisha na mimi, nikajua kidogo. Alipofariki kwa uzazi, kaka ndiye aliyechoma matofali ya kaburi lake, na kwenye moto hakutaka msaidizi. Mpaka leo kaburi lile halijakatika hata pembe.

Ndiyo maana kaka naye alipofariki mwezi wa tatu, kwa kifua, nikasema ajengewe kwa matofali ya kuchoma, ya udongo wa shimo alilokuwa anachimbia matofali yake. Wifi yangu, mke wa marehemu, alitaka bloku za saruji. Alisema kwa upole kwamba zinadumu, watoto hawatasumbuka tena. Nilimjibu vibaya mbele ya mama. Nilimwambia, "Umemchoka mapema hivyo?" Ni haki niandike kwamba huyo ndiye aliyemlisha kaka kwa kijiko miezi minne. Mimi nilikuwa nakuja Jumapili.

Kiangazi tukafyatua. Udongo niliutafuna mwenyewe, na kwa udongo sidhani kama nilikosea. Kuni zilitoka Kabungu, kavu kabisa. Tuliwasha alfajiri, na kesho yake alasiri moshi mzito ulikuwa umekwisha, watu wote wakanitazama mimi. Walikuwepo kaka zake wifi, katekista, majirani, na mama amekaa kwenye kigoda. Kufunua mgongo mbele ya watu wale, mimi mwanamke mzima, sikuweza. Ningeweza kuwaomba wasogee. Sikufikiria, au nilifikiria nikaona aibu. Sina hakika, na hilo ndilo linaloniuma. Nilinyoosha kiganja. Kiganja kiliona moto unatosha. Nikapima pande tatu, wa nne moshi uliobaki ulikuwa unanijia machoni, nikaupita.

"Zibeni," nikasema.

Tulipobomoa, yalionekana mekundu mazuri. Mama aliyapapasa akalia, akasema mwanae amebaki mikononi mwangu. Fundi wa kujenga aligonga mawili pamoja. Tofali lililoiva linalia kama chuma, haya yalitoa mlio wa kigogo kilicholowa. Aliniangalia, akayaweka chini. Mama alikuwa bado amelishika moja kifuani. Nikamwambia fundi ajenge. Kwa hiyo siwezi kusema mvua ndiyo ilikuja kunionyesha. Nilijua siku ile ile.

Baada ya mvua ile ya tatu nilikwenda kwa wifi na kile kipande mkononi, nikamweleza yote, mpaka mlio aliousikia fundi. Nikamwomba msamaha kwa neno nililomwambia mbele ya mama, nikasema tukanunue bloku.

"Niliona tangu mvua ya kwanza, wifi," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe." Kisha akasema bloku hazitaki. "Choma tena. Watoto wameshazoea kusema baba amejengewa na shangazi."

Tukafunika upande ule kwa turubai mpaka masika yalipokwisha. Mwezi wa nane mwaka huu nimechoma tena. Moshi ulipokwisha niliwaambia wanaume, "Nyie sogeeni kule barabarani," wakaenda bila kuuliza. Wifi akatandaza khanga yake kwa mikono miwili, akasimama kati yangu na wao. Nikashusha gauni mabegani, nikaligeuzia tanuru mgongo.

Pande tatu zilikuwa sawa. Wa nne, ule ule niliouruka, ulikuwa baridi kuliko nyingine, na kiganja kisingejua. Tukasukuma magogo, tukangoja. Niliporudi kusimama pale, joto liliingia mpaka mbavuni, likatulia. Nadhani ndilo kaka alilokuwa analisikiliza akiwa amefumba macho.

"Tayari?" wifi aliuliza.

Nilikuwa nalia. Nilitaka kumuuliza mtu kama ni lenyewe, na wa kumuuliza ndiye aliyekuwa kaburini anasubiri matofali. Rafiki yangu naye hakuwepo wa kusema nimeiva, niletewe chumvi. Nilisimama tu. Mikono ya wifi ilianza kuchoka, lakini khanga hakuishusha.