Nilimwambia Mila Haimruhusu

Nimekosa mimi, na msinitafutie sababu. Jina langu liacheni, Kibondo ni ndogo na waliokuwa wakwe zangu bado wapo.

Aliyenilea ni Mjerumani. Alikuja Kasulu kwa pikipiki akizunguka dunia, ikamfia njiani, akajikuta kwenye kibanda cha chai cha mama. Mama alikuwa mjane, mimi bado nabebwa mgongoni. Yule mtu hakuondoka tena.

Tangu utoto wake alipenda mambo ya makauboi. Kofia pana, buti za kisigino, mkanda wenye bizimu kubwa kama kisahani, na kamba ya kunasia ng'ombe kiunoni. Marekani kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Alipoona ng'ombe wa pembe ndefu kule kijijini Nyakitonto akasema basi, amefika, tukahamia huko. Akaleta farasi kutoka Arusha. Mbung'o wakammaliza kabla mvua hazijaisha. Akapanda punda, jamani, na kofia ile ile. Watu walicheka mpaka wakachoka, wakamwita Kauboi, naye akaitika.

Kiha alikijua kabla ya Kiswahili. Mama alipofariki, aliyenisuka nywele za shule ni yeye, tena vibaya, zimelala upande mmoja. Lakini mimi nilipokua nilichokumbuka ni kicheko cha wenzangu siku alizokuja kunichukua na punda.

Nikapata kazi Kibondo, na mchumba wa familia ya heshima. Posa ikaja. Alitakiwa mtu wa kukaa kwenye nafasi ya baba, apokee ng'ombe, anywe pombe na wakwe kwa mirija kwenye chungu kimoja. Nikaifikiria ile kofia mbele ya wakwe. Nikaenda Nyakitonto kumdanganya.

"Baba, mila haimruhusu mzungu kupokea mahari. Atakaa baba mdogo."

"Mila ndiyo inasema hivyo?"

"Ndiyo."

Hakuna mila hiyo. Wazee wa Nyakitonto wenyewe walishasema aliyelea ndiye baba, wakamsubiri. Nao nikawaambia Baba mwenyewe hataki. Na huyo baba mdogo, ndugu wa marehemu baba aliyenizaa, hajawahi kuninunulia hata kalamu!

Siku yenyewe Baba alikuja kichwa wazi, akasimama nyuma kwenye zizi asituharibie shughuli. Mtamba mmoja wa mahari akashtuka, akakimbilia kwenye viti vya wageni. Baba akarusha kamba yake mara moja tu, kitanzi kikaingia shingoni, mtamba akasimama. Watu wakapiga makofi. Baba mkwe akaniuliza, "Yule mzee ni nani? Aje anywe na sisi."

Nikamjibu, "Huyo mchunga ng'ombe wetu. Hanywi."

Alikuwa karibu, alisikia. Akainama akaendelea kufungua fundo. Baba mdogo ndiye aliyeshika mrija.

Ndoa ilianza vizuri. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Kisha mume wangu akaanza kunipiga. Wazee wa kwao wakaita kikao, wakasema waliopokea mahari waje wamsemee binti yao. Baba mdogo ng'ombe alishauza zamani, na simu yangu hakupokea. Nikakaa kwenye kikao kile peke yangu kama niliyeokotwa. Nikaambiwa nirudi kwetu, mtoto abaki.

Kwetu ni wapi? Nikaenda Nyakitonto. Nikamkuta kitandani, amekonda, buti zimepangwa chini ya kitanda. Nikalia. Nikamwambia, "Baba, wananinyang'anya mtoto. Amka twende ukanisemee."

Akajaribu kuamka. Miguu ikafika chini, akatafuta buti kwa vidole. Halafu akaacha.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "ningekwenda hata kwa kutambaa. Lakini watanisikiliza? Si ulisema mila hainiruhusu kusimama? Nitakuharibia zaidi."

Hakunikomoa. Ningemshukuru Mungu kama angekuwa ananikomoa. Aliniamini toka siku ile.

Ndipo akaniomba msamaha. Eti nimsamehe kwa kuwa hakuzaliwa Muha, angenifaa leo.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli pale pale. Niliogopa atanitazamaje. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Baba." Nilisema hivyo mimi, kwa kinywa changu.

Alifariki wiki hiyo. Kwenye mazishi baba mkwe alikuja, maana habari zilifika. Akasikia wazee wa Nyakitonto wakimtaja marehemu, yule yule wa kamba, kuwa baba yangu. Akanigeukia. "Angekuja huyu," akasema, "tungemsikiliza. Mtu wa namna ile nani angemkatalia?" Akavaa kofia yake akaondoka.

Mwanangu namwona likizo, na siku hizi ananiita shangazi.

Nawe unayesoma, kama una mtu aliyekulea na unamwonea haya kwa mavazi yake, au lafudhi, au kazi, mwite baba mbele za watu. Mkiwa wawili tu ndani haisaidii. Mimi ndani nilimwita kila siku.