Mtani Aliyefungwa Pingu Makaburini

Babu yangu alipofariki, Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja kwetu Cheyo kuzika pamoja nasi. Alikuja na daftari. Alikuwa akiandika kitabu juu ya mila za Wanyamwezi, na kila alipoinua kalamu nilijihisi mdudu ndani ya chupa.

Babu alikuwa mpagazi wa misafara. Bega lake la kushoto lilikuwa na sugu ngumu kama jiwe la kusagia. Basi mtani wetu, Mgogo aliyefanya kazi relini Tura, alitangulia kushuka kaburini, akajilaza chali.

"Mvivu huyu hazikwi," akasema. "Kanywa maji ya visima vyetu Ugogo, leo anajifanya amechoka. Mpeni mzigo aendelee na safari."

Wajomba wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mama, ambaye tangu jana hakuwa ametia kitu kinywani, alicheka mpaka akaketi mchangani. Bwana Shauri hakucheka. Aliamuru askari wake amtoe mtani, aliyemdhani mlevi, na kumfunga pingu kwa kumtukana maiti.

Kicheko kikakatika. Mama akanishika mkono. "Mzungu huyu Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu. Wewe unajua Kiingereza. Baba yangu hazikwi bila mtani wake."

Nikamweleza Bwana Shauri kwamba babu zetu walipita Ugogo na mizigo, wakapigana na wenyeji, wakapatana, na matusi yakabaki kuwa undugu wetu. Jeneza lilikuwa juani.

Akapekua daftari. "Hapa hayamo. Wazee wenu waliniambia mnaomboleza kwa staha."

"Walikuwa wanakustahi wewe, Bwana."

Hakutikisika. Mtani, pingu mikononi, akaniita. "Mtani, mwambie naye alipita kwetu. Mwaka wa mvua kubwa alivuka mto mgongoni mwa kaka yangu, kaikumbatia kofia yake kama kuku anayeatamia. Kwa hiyo ni mtani. Akifa nitakuja."

Nikatafsiri yote, na kuku wake. Askari akageuka kando, mabega yakimcheza.

Bwana Shauri akamtazama mtani. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu aliye mbali na kwao, "Kweli atakuja?"

"Nitakuja," mtani akajibu. "Nani mwingine atakayemcheka?"

Daftari likafungwa kwa mara ya kwanza siku ile, na pingu zikafunguliwa. Babu akashuka kaburini akitukanwa vizuri, na mama, akiwa na udongo mkononi, akaanza tena kucheka.