Viraka Kumi na Kimoja

Errol Trezise alikuwa mtu wa maneno machache tangu utotoni, na mkewe Nola alipofariki hata hayo machache yakapungua. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mbili, akaenda kushona magunia ya shayiri. Baadaye alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka pale Tredinnick, mji wao mdogo wa rasini, yale marefu yanayoonekana kutoka mashambani, mpaka akastaafu. Nola ndiye aliyesoma barua. Nola ndiye aliyezungumza na watu.

Jumanne na Alhamisi alikuwa na mahali pa kwenda. Nyuma ya uwanja wa mpira kuna banda la wazee, wanaume waliostaafu hukutana humo asubuhi kutengeneza viti na mashine za kukata nyasi, na kunywa chai. Zamani walikuwa ishirini. Makaburi yaliwachukua wengine, na wengine wakachukuliwa na watoto wao wa mijini. Wakabaki watatu: Errol, Vic Hocking fundi wa simu, mrefu kama nguzo alizokuwa akizipanda, na Manoli, kinyozi wa Kigiriki aliyekuja pale akiwa kijana na ambaye bado hufungua duka lake siku tatu kwa wiki.

Vic ndiye aliyeleta wazo la puto. Puto refu lenye umbo la samaki, hatua tano kutoka kichwa hadi mkia, lenye vimota viwili chini na usukani nyuma, la kuendeshwa kwa rimoti.

"La nini?" Manoli aliuliza.

"La kuruka."

"Likisharuka?"

"Litatua. Ulitaka likunyoe ndevu?"

Wakagawana kazi. Vic alichukua mota, betri na nyaya. Manoli alikata plastiki, ile nyembamba ya rangi ya fedha, maana mkono wake na mkasi havijaachana miaka hamsini. Errol alipewa pasi. Vipande vile huunganishwa kwa pasi ya nguo: ikiwa ya moto sana plastiki inayeyuka, ikiwa ya baridi mshono unaachia. Mwaka wa mwisho wa Nola, alipokuwa hawezi tena kusimama, alimfundisha mumewe kupiga pasi mashati akiwa amelala kwenye kochi. "Usiikimbize," alimwambia, "wala usiikalishe." Errol hakuwaambia wenzake alikojifunza. Walimsifu tu kwamba mishono yake imenyooka.

Kila kitu kilipita kwenye mizani ya jikoni kabla ya kufungwa kwenye puto, hata skrubu. Vic aliandika gramu kwa chaki ukutani. Gesi ya heliamu itainua kiasi hiki, mzigo ni kiasi hiki, zinabaki gramu arobaini.

"Hizo arobaini ndizo roho zetu," alisema. "Mtu asibandike hata stempu bila kuniambia."

Puto lilipokaribia kwisha, Vic aliweka kikombe chake mezani akasema nyumba yake imepata mnunuzi. Moyo wake ulikuwa umeanza vituko, na binti yake wa Cairns, kule kaskazini kabisa mwa nchi, amemwandalia chumba.

"Lakini siondoki kabla hili halijaruka," alisema. "Likiruka tu, naenda."

"Utaiva kama nyanya huko," Manoli akamwambia.

Errol alisema, "Vizuri."

Alhamisi iliyofuata, wenzake walipokwenda kumimina chai, alichomoa pini kwenye ukosi wa koti lake akalitoboa puto chini ya mkia. Tundu dogo, jicho halilioni. Akarudisha pini mahali pake, akaenda kunywa chai.

Jumanne wakakuta puto limesinyaa kama zabibu kavu.

Njia ya kutafuta tundu ni moja. Unajaza upya, unapaka maji ya sabuni kwa brashi, unangoja povu. Kazi hiyo ilimwangukia Manoli, maana Vic hawezi kuinama na Errol alisema haoni vizuri karibu. Kinyozi akatambaa chini ya puto asubuhi nzima akinung'unika Kigiriki.

"Hapa," alisema mwishowe. "Mnyama anapumua hapa."

Wakapachika kiraka, na Vic hakuruhusu lirushwe kabla gundi haijakauka siku kadhaa. Wiki iliyofuata tundu lingine, na iliyofuata lingine. Vic aliahirisha gari la kuhamisha vyombo, kisha akaliahirisha tena. Errol hakuwa na furaha katika jambo lile. Aliporudi nyumbani alikaa jikoni bila kuwasha redio, akijiambia hatatoboa tena. Lakini Alhamisi ilifika, Vic yupo, chai ipo, Manoli anatukana sabuni, na mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye ukosi.

Kwenye kiraka cha kumi na moja puto lilikataa kupanda. Lilikuwa limejaa gesi, limekaza, na bado lilikaa sakafuni kama kuku anayeatamia. Vic alitoa waya mmoja, akatoa skrubu mbili. Halikuinuka. Alitazama ukuta wake wa chaki kwa muda mrefu.

"Viraka vimekula zile arobaini," alisema. "Viraka na gundi yake. Kosa ni langu. Nilichagua plastiki mbovu, ikatoboka kama kitambaa kilicholiwa na nondo."

"Plastiki ilikuwa nzuri," Manoli alisema. "Mimi nimeikata, naijua."

"Basi nimekosea hesabu. Miaka arobaini nimewaunganisha watu wa rasi hii yote kwa simu, leo puto linanishinda." Alikaa kwenye kiti. Akatoa simu mfukoni, akawaonyesha picha ya mtoto mchanga aliyekunja uso. "Mjukuu. Ana wiki sita. Sijamshika hata mara moja, nipo hapa napaka sabuni. Jumamosi naondoka. Hili lipelekeni jalalani."

Errol aliitazama ile picha. Mtoto alikuwa na kidevu cha Vic.

"Hesabu zako ni sawa," alisema.

"Nini?"

"Hesabu ni sawa. Plastiki ni nzima. Nilikuwa natoboa mimi."

Upepo ulipiga bati la banda.

"Yote?" Vic aliuliza.

"Kumi na moja."

"Kwa nini, bwana wee?"

"Ulisema likiruka unaenda."

Vic aliinama akatazama viatu vyake. Aliyewaka ni Manoli. Alisimama, brashi ya sabuni bado mkononi.

"Magoti yangu, Errol," alisema. "Wiki kumi na moja nimetambaa kwa magoti haya, wewe umekaa pale na kikombe unanitazama. Ukaniambia, 'Jaribu kule karibu na mkia.' Ulinionyesha, kumbe. Nikasema jamani, mzee huyu haoni lakini ana bahati."

"Samahani."

"Mbwa huomba samahani vizuri kuliko hivyo." Akatupa brashi kwenye ndoo, akachukua kofia yake akatoka.

Wakabaki wawili. Vic alizungusha kikombe chake hadi chai ikapoa.

"Ungeniambia tu," alisema.

"Ungebaki?"

"Hapana," Vic alisema. "Lakini ungeniambia."

Errol akauliza kama plastiki imebaki. Ilikuwepo, karatasi moja nzima. Akakata tumbo lote la nyuma, viraka vyake vyote kumi na kimoja pamoja, akapima kipande kipya kwa macho ya mshona magunia, akawasha pasi. Alifanya kazi hiyo Alhamisi mchana kutwa, peke yake, maana Vic alikuwa na masanduku ya kufunga. Hakuikimbiza wala hakuikalisha. Aliporudisha puto kwenye mizani, kipande kwa kipande, zile gramu zilirudi karibu zote.

Ijumaa asubuhi walilibeba hadi ukumbi wa klabu ya mpira, wenye paa la juu na usio na upepo. Manoli hakuja. Vic alibonyeza, mapangaboi yakalia kama nzi kwenye chupa, na lile samaki la fedha likapanda polepole, likapita juu ya picha za timu za zamani, likageuka kwenye kona bila kugusa ukuta. Lilizunguka ukumbi mara tatu. Vic alikuwa akicheka bila sauti.

"Shika," alisema, akamsogezea Errol rimoti.

"Endesha wewe."

"Shika, mzee."

Errol alishika. Alilipeleka mbele, akalirudisha. Halafu akampa Vic akalitua.

Jumamosi gari la vyombo lilikuja.

Puto lilirudishwa bandani, likafungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, likielea karibu na dari. Jumanne Errol alifungua banda akalikuta palepale. Alingoja hadi saa sita. Kwa kinyozi alipita mara mbili njiani; duka lilikuwa wazi, na Manoli alimwona kupitia kioo akaendelea kukata nywele za mtu.

Alhamisi alikuja tena. Alipika chai, akala pai yake ya nyama na viazi. Simu ikalia ukutani.

"Nilijua utakuwepo," Vic alisema. "Joto la huku, Errol, hata vivuli vinatoka jasho. Manoli yupo?"

"Hayupo. Haongei na mimi."

"Ataongea."

"Labda."

"Puto limeshuka?"

Errol alitazama juu. "Hata kidole."

"Basi mshono umeshika."

"Umeshika."

Nyuma ya sauti ya Vic, mtoto akaanza kulia, kwanza kwa kugugumia, kisha kwa nguvu.

"Ngoja kidogo," Vic alisema, "usikate, namwita mama yake..."

"Nenda," Errol alisema. "Mtoto analia. Nenda, Vic."

Vic akaenda.