Ile e ya Buluu

Kompyuta sita, mimi mmoja, na ile e ya buluu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu Bungoma, katika saiba, kibanda cha kukodisha intaneti, iliyokuwa nyuma ya duka la mbolea. E ya buluu, kile kivinjari cha zamani chenye alama ya herufi e, ndiyo ilikuwa mlango wa kuingilia mtandao. Kompyuta zilikuja nayo, hukuulizwa kama unaitaka. Nami niliichukia, bana! Virusi vyote vilipitia humo. Mzee wa kanisa amekaa anatafuta matokeo ya mtihani ya mwanawe, mara picha za wanawake uchi zinamrukia usoni, naye ananigeukia kana kwamba ni mimi niliyewavua nguo.

Nikaapa kuing'oa. Nilipojaribu mara ya kwanza ilijificha tu. Alama iliondoka, yenyewe ikabaki ndani. Nikaenda kwetu Kitale, kwa fundi mmoja karibu na maghala ya mahindi, akanipa sidii yenye programu ya kuitoa na mizizi yake. Akaniambia, "Dada, hii ikitoka inaenda na kila kitu ilichokuwa inakumbuka. Uliza watu kwanza." Nikamwambia aniondolee uoga wake. Mimi na kiburi changu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Kila Alhamisi alishuka mama mmoja kutoka Kapsokwony, mkulima wa viazi, viatu vyake amevifunga nailoni ili asinichafulie sakafu. Msichana wake alikuwa Uarabuni, kazi ya nyumba, na tajiri wake alikuwa amemnyang'anya simu. Akipata upenyo aliiba dakika kwenye kompyuta ya watoto wa nyumba ile, akaandika. Kabla hajasafiri alimfungulia mama yake akaunti ya barua pepe kwenye kompyuta yangu namba nne, na neno la siri akaiachia e ya buluu ilikumbuke. Mama hakulijua, wala mimi sikulijua. Nilibofya, barua zikafunguka, nikamsomea.

Barua ya mwisho niliyomsomea ilisema: "Mama, wananipiga. Kuna mtu anaweza kunisaidia nitoke. Nitakutumia namba yake, uipeleke kwa serikali. Usikose kuangalia." Mama aliniomba niisome tena. Nikaisoma tena.

Jumapili ile nikaing'oa e ya buluu kwenye kompyuta zote sita. Nikaweka kivinjari kipya, nikafagia huku naimba. Alhamisi mama akaja, akakaa namba nne, mikono magotini. Kivinjari kipya kikataka neno la siri. Hapo ndipo maneno ya fundi yaliponirudia.

"Ameandika?" akaniuliza.

"Mama, leo network iko chini."

Nyuma yake mwalimu mmoja alikuwa anasoma gazeti kwenye mtandao huo huo. Mama hakugeuka. "Haiya," akasema. "Basi nitakuja Alhamisi ingine."

Sikuogopa kufutwa kazi. Niliogopa uso wake. Siku hiyo hiyo niliirudisha e ya buluu. Ikarudi tupu, haimjui mtu. Kumwandikia msichana nisingeweza, anwani yake ilikuwa humo humo ndani. Nikabahatisha: jina la mama, la kijiji, la shule. Alhamisi iliyofuata nikamuuliza mama kama mzaha, eti msichana wako alipenda nini utotoni? Akacheka, akanihadithia ndama mmoja mweusi aliyekuwa akilala naye jikoni. Nikajaribu jina la ndama. Likakataliwa.

Enzi hizo, akaunti isipofunguliwa mwezi mzima, wenye huduma ile ya barua pepe walizifuta barua zote. Mwezi ukaisha. Nikamwambia tena network iko chini. Naye akaniletea viazi, ati kwa sababu nahangaika sana kwa ajili yake. Nikavipika, nikavila.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka mitatu. Siku moja waliingia wawili, mama na msichana wake. Msichana amekonda, mkono wa kulia umeungua hadi kwenye kiwiko, vidole viwili havinyooki.

"Huu uliungua mwaka wa pili," aliniambia aliponiona nautazama. "Niliandika barua saba. Namba nilituma, jina la yule mtu nilituma. Sikujibiwa. Nikajua nyumbani wamenichoka."

Ukweli ulikuwa pale pale mdomoni, sentensi moja tu.

"Si nimekuambia ilikuwa network?" mama akamkemea, huku akiweka mfuko mezani pangu. "Huyu dada alihangaika na sisi kuliko ndugu. Msalimie vizuri."

Msichana akaninyooshea mkono ule ule. Nikaushika. Kisha nikapokea viazi, nikasema asante.