Nilivyotaka kuipa asteroidi jina la Mama, naye akaanza kugawa sufuria

Wakuu, salamu kutoka Ekerenyo. Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Ni fundi wa redio na simu, miaka hamsini na kidogo. Fizikia niliiacha kidato cha nne, iliyobaki nimejifundisha kwa laptop na bundles.

Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na kundi la watu wa kujitolea wanaotafuta asteroidi, yale mawe yanayolizunguka Jua, mtandaoni. Unatumiwa picha nne za kipande kimoja cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika chache. Unazipitisha haraka, moja baada ya nyingine. Nyota hazisogei. Ukiona nukta inayosogea kwa mstari ulionyooka, unapima na kuripoti.

Nilikagua picha nyingi bila kitu. Siku moja, nikila mchana pale dukani, nukta ikasogea.

Watu hudhani ukiiona tu unaipa jina. Hapana. Kwanza ilipewa lebo ya muda, tarakimu na herufi. Kisha darubini nyingine zikaiona tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka njia yake ikajulikana vizuri. Iko kati ya Mirihi na Mshtarii, na hulizunguka Jua kwa miaka mitatu na miezi kama minane. Haikaribii Dunia, msiwe na wasiwasi.

Mwaka huu ikapata namba ya kudumu, nikaalikwa kupendekeza jina. Nilisoma kanuni mara tatu. Herufi zisizidi kumi na sita, lisifanane na jina lililopo, lisiwe tangazo la biashara.

Nikaandika Nyaboke, jina la mama yangu. Nikatuma.

Sabato iliyofuata nilitoa ushuhuda kanisani. Waumini wakaitikia "Amina" kwa nguvu. Mama akatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumatatu dada yangu aliyeolewa Ogembo akanipigia simu.

"Wewe, umemfanya nini Mama? Ananiambia nije nichukue sufuria zake kubwa, eti hatazihitaji tena."

Nilifunga duka nikaenda. Nikamkuta mlangoni akikunja blanketi lake zuri.

"Mama, kuna nini?"

"Unaniuliza? Si wewe umenizika? Mtu hurithiwa jina akishaondoka. Mimi bado nachuma majani chai, wewe umeshalipa jiwe jina langu."

"Lakini Mama, kanuni zao zinaruhusu mtu aliye hai."

"Hao wenye kanuni ni Abagusii?"

Kanuni zao nilizisoma mara tatu. Hii ya kwetu Wakisii, ya kutompa mtoto jina la mtu aliye hai, naijua tangu utotoni, na haikunijia kichwani kwa sababu kwangu lile lilikuwa jiwe, si mtoto.

Mimi siamini kwamba jina linaua. Lakini Mama alikuwa ameanza kuacha chakula kwenye sahani, na huyo ni mtu wa miaka themanini.

Nikaandika email kuomba kuliondoa jina. Siku tisa, kimya. Dada akawa ananiripotia: leo ametoa blanketi, leo ameniita anionyeshe nguo atakayovalishwa.

Siku ya kumi jibu likaja. Kamati ya kupitisha majina ilikuwa haijakaa, naweza kubadilisha. Wakuu, niliketi sakafuni katikati ya redio za watu, nikapumua.

Safari hii niliuliza kwanza. Mama akachagua Bosibori, jina la mama yake, aliyefariki nikiwa shule ya msingi. Wiki iliyopita limepitishwa. Nikaenda kumwambia.

"Anaonekana?" akauliza.

"Kwa macho tu hapana, Mama. Ni mpaka darubini kubwa."

"Hata akiwa hai hakupenda kuonwa ovyo." Akacheka, mara ya kwanza tangu ile Sabato. "Haya, mwambie dada yako arudishe sufuria zangu."

Nilichojifunza: kabla ya kumpa mtu heshima, muulize kama ataipokea kama heshima. Nilitumia miaka kuhakikisha njia ya jiwe, nikashindwa kutembea dakika kumi hadi kwa Mama.

Kwenu je, mtu aliye hai anaweza kupewa wajina? Semeni, nasoma zote. Dada anasema sufuria moja hairudishi.