Nilitumwa kuchagua petri dish za maabara, nikajikuta namchagulia Mzee Kasozi

Wakuu, heshima zenu nyote. Mlioko kwenye foleni ya Ntinda saa hii poleni, someni taratibu, hamna pa kwenda.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Naandika nikiwa kazini, chai mkononi, na kuna mtu namsubiri. Mtamjua.

Mimi ni Mkenya, mwanamke, naishi Bukoto, hapa Kampala, na kazi yangu iko Nakawa, kwenye maabara ndogo ya kupima maji, maziwa na juisi.

Kwa wasiojua, petri dish ni kisahani cha duara chenye kifuniko. Unatia tone la maji ya mteja, unamimina agar, kitu kama jeli, ndiyo chakula cha bakteria. Unafunika, unaacha kwenye joto, kesho yake unahesabu vilivyoota. Vikiwa vingi, hayo maji usinywe.

Sisi tulikuwa tunatumia za plastiki, za kutumia mara moja na kutupa. Mifuko ya taka ikawa inajaa nyuma ya jengo mpaka majirani wakaanza kutuangalia kwa jicho baya.

Na huwezi kuzitupa hivi hivi, zina vijidudu. Lazima zipite kwenye autoclave, lile pipa la mvuke, na humo zinatoka zimeyeyuka bonge moja. Hilo bonge linachomwa. Moshi wake sitaki hata kuukumbuka.

Bosi wetu, Daktari Namara, akasema imetosha. Akaniita ofisini.

"Nyinyi Wakenya mnajifanya mnajua kununua. Nichagulie sahani zinazofaa kazi na ambazo hazitatuzika na taka."

Nikatoka pale kifua mbele. Mtu amepewa mradi bwana!

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Kasozi.

Huyu ndiye mkubwa wetu kwenye benchi, na amenifundisha karibu kila kitu ninachojua. Kiswahili chake alikiokota kambini, miaka ile baada ya vita vilivyoisha 1986, alipokuwa anafanya kazi kwenye zahanati ya jeshi.

Nilipofika Kampala sikujua mtu, na Luganda sikujua hata salamu. Yeye ndiye aliyenivutia kiti siku ya kwanza, akanigawia katogo yake, zile ndizi zinazopikwa na utumbo.

"Kula, muwala," akaniambia, yaani binti. "Hapa kwetu hapana kupima bakteria na njaa."

Tangu siku hiyo mimi ni bintiye, na nampenda kama baba. Nasema wazi.

Mkewe alishafariki. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakuja hata siku ambazo si zamu yake. Akasema, "Nyumbani iko redio tu. Hapa iko nyinyi."

Turudi kwenye visahani. Visahani vya kioo nilivyoagiza kama sampuli vilipofika, Mzee alivipokea kama ameletewa mjukuu. Akatusimulia jinsi baada ya vita walivyokuwa na visahani vichache tu vya kioo, wanavichemsha kwenye sufuria juu ya mkaa.

"Hii ya kioo inazeeka pamoja na wewe," akasema. "Plastiki inakufa siku ya kwanza."

Akabeba rundo lake kwa mikono miwili, kama zamani.

Vikaanza kulia.

Vifuniko viligongana, tri-tri-tri, kwa sauti ndogo, bila kuacha. Nilidhani kuna lori linapita barabarani. Hakukuwa na lori. Ilikuwa mikono ya Mzee.

Wakuu, plastiki haina sauti. Muda wote huo tumekaa naye benchi moja, mikono inatetemeka, na plastiki inamfichia siri yake. Kioo kimeingia asubuhi, kimemtaja kabla ya saa sita.

Aliviweka mezani. Akanitazama, nikamtazama.

"Chai imekuwa balidi," akasema, akatoka.

Chai ilikuwa hata haijachemshwa.

Hapo stress ikaanza. Kwenye kikao cha kuzungumzia sahani mpya Daktari alikuwa ameshasema kwamba vioo vinataka mikono iliyotulia, na ambaye hawezi atahamia mapokezi. Hakusema kwa ubaya, hakujua. Lakini Mzee Kasozi hawezi kukaa mapokezi; ukimtoa kwenye benchi umemrudisha kwenye redio.

Nikaanza kutafuta sababu yoyote ya kukataa kioo.

Nikaangalia zile zinazosemekana zinaoza zenyewe. Zinatoka mbali mno, zile tulizojaribu zililegea kwenye joto, na huku kwetu hatuna hata mahali maalum pa kuziozesha. Tungezichoma vile vile.

Nikaangalia za plastiki ngumu inayovumilia mvuke, unaosha na kurudia. Nyepesi, hazivunjiki, na juu ya yote, kimya! Nikazipenda kwa ule ukimya.

Tatizo zina ukungu, hazionyeshi ndani vizuri kama kioo. Na ukiziosha mara kwa mara zinapata mikwaruzo. Nilijaribu maji yale yale kwenye kioo na kwenye hizo, nikaona yale madoa madogo ya bakteria yanajificha. Kwenye kioo yalionekana peupe.

Na hayo ni maji wanayokunywa watoto wa watu.

Hata hivyo nikakaa kwenye kompyuta nikaanza kuandika report ya kuzisifia. Mzee akaja nyuma yangu na miwani yake, akasoma.

"Hii ya ukungu, unapendea nini?"

Nikasema ni nyepesi.

"Muwala, wewe unadanganya vibaya sana." Akavuta kiti. "Chagua sahani ya maji. Mkono yangu nitaisemea mimi."

Nilienda chooni nikalia, siwafichi.

Huko huko chooni, huku nanawa uso, ndipo nikajiuliza: kwani nani alisema rundo lazima libebwe mikononi? Ni mazoea tu. Hata sisi wenye mikono mizima tulikuwa tumeshavunja kadhaa kwenye hizo sampuli.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akaniundia vikapu vya waya na toroli dogo. Visahani vinatoka kwenye mvuke vikiwa ndani ya kikapu, vinapanda toroli, vinafika kwenye benchi. Pale unamimina ukiwa umekaa, kiwiko mezani, kisahani kimetulia.

Siku ya majaribio tukakusanyika wote. Daktari Namara alikuwepo, na Sharifa pia, mwenzetu kutoka familia ya zamani ya Kiislamu hapa mjini, mdomo wake hauna breki. Nikaanza kueleza mambo ya toroli kwa kuzungukazunguka.

Mzee akasimama. Akachukua visahani viwili, akavinyanyua mbele ya Daktari.

Tri-tri-tri.

"Unasikia, nyabo?" akamwambia, yaani mama. " Hapana tetemeko ya ardhi. Hii ni mimi."

Sharifa akageuka kumtazama Daktari.

Kisha Mzee akakaa, akaweka kisahani mezani, akaegemeza kiwiko, akamimina agar. Hakuna tone lililomwagika. Sasa ukishamimina inabidi ukizungushe kisahani polepole ili maji ya mteja yachanganyike na agar. Akaweka mkono juu yake, akatuangalia.

"Na hii ya kuzungusha, mimi hata sichoki. Mkono nafanya yenyewe."

Sharifa ndiye aliyeanza kucheka. Mzee akafuata. Daktari alicheka huku anafuta macho.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenihurumia. Sasa umeniona nafanya kazi."

Daktari akanigeukia. "Kioo. Na hilo toroli ni la kila mtu, hata mimi."

Ndivyo tulivyohamia kioo, wakuu. Sio kwamba ni mteremko. Kinakula maji na sabuni, na siku mabomba yakikauka mnatoka jasho. Ukinunua kile cha bei poa kinapasuka kwenye mvuke, sisi kilitupasukia. Tafuteni kile kinachovumilia moto. Na bado tunaweka plastiki chache kwa sampuli ambazo hatuziamini kabisa. Lakini ile mifuko nyuma ya jengo imepungua mpaka majirani wanatusalimia.

Nilichojifunza ni kwamba tunasoma ubora wa kifaa, tunasahau kutazama mikono itakayokishika. Mikono ikishindwa, mara nyingi unaweza kubadilisha namna ya kufanya kazi kabla hujamuondoa mtu.

Sasa kwa nini naandika leo. Mzee amekuwa mgonjwa, kifua kimemlaza hospitali, na maabara imepoa hadi inaniuma. Jana alipiga simu kwamba leo anarudi. Kila akifika huanzia chumba cha mvuke hapo mlangoni, anachukua toroli la asubuhi.

Toroli la mtu mwingine likisimama, vifuniko vinanyamaza. La Mzee likisimama, vinaendelea, kwa sababu mikono yake bado iko kwenye mpini.

Mlioko kwenye maabara, nyinyi mnatumia nini? Na mlio na wazee kazini, mnawashikaje? Shusheni hapa, hata matusi ya kirafiki napokea.

Ngojeni kidogo.

Toroli limesimama koridoni.

Vifuniko bado vinalia.