Gari la Ajali Lisilo na Mkwaruzo

Kaka yangu mkubwa aliuawa kwa risasi kwenye barabara ya Eringeti, akiwa katika kamioneti, pikapu ya marehemu baba, ya zamani mno, ambayo vipuri vyake havipatikani tena popote. Mama, kule Masereka, tulimwambia ni ajali: breki zilikatika, akagonga ukingo wa barabara. Moyo wake ni mgonjwa, tukaogopa ukweli utamuua. Baada ya matanga akaomba jambo moja tu: tumpelekee gari la mume wake alione.

Nilihesabu matundu ya risasi. Kumi na moja. Nikarudia: kumi na mbili, moja lilijificha chini ya sakafu.

Fundi wa Butembo akatikisa kichwa. "Patron, hii haiko kazi ya nyundo. Inaomba mashine."

"Mashine bei gani?"

"Haiuzwe hapa."

Donc, basi, mashine tukaitengeneza wenyewe. Mabomba ya maji tuliyaunga yakawa miguu, juu yake ekseli ya lori bovu, na bodi ikaning'inia katikati tukiigeuza kama mbuzi wa kuchoma. Zana ya kuvuta bati ilikuwa nondo iliyopitishwa ndani ya jiwe la mizani la chuma la kilo tano, tulilolitoboa. Unachomelea ncha ya nondo kwenye ukingo wa tundu, unalirusha jiwe nyuma hadi ligonge kishikio cha mwisho wa nondo, bati linatoka nje kidogo. Jiwe lilikuwa langu, la kupimia maharagwe ninayouza sokoni. Wiki tatu nzima nilipima kwa kukisia, wateja wakalalamikia kipimo, na kwa mara ya kwanza walikuwa na haki.

Kisha viraka, msasa, rangi. Nilipitisha kidole kila mahali. Kazi safi, nilikosa hata kasoro ya kuombea punguzo.

Huko Masereka mama alilizunguka gari polepole, kisha akasimama mbele.

"Iligonga na pua?"

"Ndiyo, mama."

"Mais lakini taa ni zile zile za baba yako. Hii yenye ufa, ni weye uliipiga na mupira."

Sokoni nabishana hadi mtu aone aibu. Pale niliinama nikaipapasa ile taa yenye ufa. Tulikuwa tumefuta risasi zote, hakuna aliyekumbuka kuliumiza gari.

Mama akafungua mlango, akaketi mahali pa kaka, mkono mmoja kifuani.

"Panda. Sema sasa, na usinipunguzie kitu."

Nikakaa kando yake, nikaanzia Eringeti.